Orodha Isiyojieleza ni Hatari kwa Mgonjwa

Muuguzi anayeona akifungua orodha ya wagonjwa wa wodi kwenye kompyuta hahitaji kufikiri ili ajue yuko wapi. Mstari aliouchagua umepakwa rangi. Wingi wa majina anaujua kwa kutupa jicho tu. Jina lenye alama nyekundu hujitokeza lenyewe, na mwisho wa orodha ni ile nafasi nyeupe iliyo chini ya jina la mwisho. Mambo hayo manne humfikia kwa pamoja, tena kwa haraka kiasi kwamba mara nyingi hayahesabu kuwa ni taarifa. Kwa mhudumu asiyeona, au kwa mgonjwa ambaye kisukari kimemharibia retina, hakuna hata moja kati ya taarifa hizo iliyopo mpaka itamkwe. Isipotamkwa, au ikitamkwa nusu, au ikija baada ya maneno mengine kumi, kinachobaki ni kukisia. Na kukisia ndilo jambo ambalo mafunzo yote ya tiba yamekusudiwa kuliondoa.

Hoja ya makala haya ni moja. Maneno yanayotamkwa na kisoma skrini wakati mtumiaji anapohama kutoka kipengee kimoja hadi kingine yahesabiwe kuwa sehemu ya usalama wa mgonjwa, kama ilivyo lebo ya chupa ya dawa. Hayafai kuachwa yawe hisani ya fundi wa kompyuta. Yanapaswa kupimwa, kusahihishwa na kukaguliwa kabla mfumo haujaingia hospitalini, na kila mwaka baada ya hapo.

Kisoma skrini hakioni, huuliza

Kisoma skrini ni programu inayogeuza yaliyomo kwenye skrini kuwa sauti, au kuwa nukta za Breli kwenye kifaa maalumu. Mwenye kuitumia huendesha kompyuta kwa kibodi: kitufe cha Tab humtoa sehemu moja ya ukurasa hadi nyingine, na vitufe vya mishale humpitisha katika orodha kipengee kwa kipengee. Kwenye simu hutelezesha kidole. Kila anapohama, programu hutamka alichokifikia. JAWS hutumika kwenye Windows kwa kulipiwa. VoiceOver imo ndani ya vifaa vya Apple, na TalkBack ni ya simu za Android. NVDA ilianzishwa mwaka 2006 nchini Australia na Michael Curran, ambaye baadaye aliungana na James Teh. Wote wawili hawaoni, na programu yao hutolewa bure. Kwa hospitali na vyuo vyenye bajeti finyu, jambo hilo la mwisho lina uzito mkubwa: kisoma skrini chenyewe si gharama tena.

Watu wengi hudhani kwamba programu hizi huitazama skrini kama jicho linavyoitazama. Hapo zamani dhana hiyo haikuwa mbali na ukweli. Mwaka 1986, IBM ilipotoa kisoma skrini chake cha mfumo wa DOS kutokana na kazi ya Jim Thatcher, skrini ilikuwa maandishi matupu, na kuisoma kulikuwa kuzifuata herufi mstari kwa mstari. Vilipokuja vidirisha, vitufe na picha, herufi ziligeuka kuwa nukta za rangi zisizo na maana kwa programu nyingine. Njia iliyoshika mizizi ilikuwa kuitaka kila programu ijieleze yenyewe. Mwaka 1997 Microsoft ilileta utaratibu uitwao Active Accessibility, ambao kwa huo kisoma skrini kiliweza kuuliza: hiki nilichokifikia kinaitwaje, ni kitu cha aina gani, na kiko katika hali gani? Mifumo ya leo imeupanua utaratibu huo, lakini msingi wake haukubadilika.

Kwa hiyo, kisoma skrini hutamka kile ambacho mtengenezaji wa mfumo amekiandika, au hunyamaza pale ambapo mtengenezaji hakuandika kitu. Muuguzi asiyeona akisikia “kitufe, kitufe, kitufe” anapopita kwenye vitufe vitatu, kosa si la sikio lake wala la kisoma skrini. Kuna mtu aliyechora picha ya kalamu, picha ya pipa la taka na picha ya printa, asivipe jina hata kimoja. Mmoja wa vitufe hivyo hufuta rekodi ya mgonjwa.

Kipengee kinachojieleza vizuri hujibu maswali manne: jina lake, aina yake, hali yake na nafasi yake. “Metformin 500 mg, kisanduku cha kuteua, tupu, 3 kati ya 12” ni jibu kamili. Jina, aina na hali vimedaiwa na kanuni za kimataifa za ufikivu wa tovuti, WCAG, tangu toleo la 2.0 la mwaka 2008. Nafasi nayo ina mahali pake katika viwango vya ARIA, ambavyo toleo lake la 1.0 lilipitishwa mwaka 2014. Elimu ya kufanya jambo hili ipo na imekomaa. Kinachokosekana ni ulazima.

Mahali ambapo orodha hudanganya

Kosa la kwanza ni la mwisho wa orodha. Mifumo mingi, mtumiaji akibonyeza mshale wa chini akiwa kwenye kipengee cha mwisho, humrudisha juu kwenye kipengee cha kwanza. Mwenye macho huona rangi ikiruka kwenda juu. Asiyeona husikia jina jingine tu, na kama nafasi haikutamkwa, hana namna ya kujua kwamba amerudi alikoanzia. Anayepitia wagonjwa 14 ili kuthibitisha kwamba kila mmoja amepewa dawa ya asubuhi anaweza kuwapitia 14 na kuendelea hadi wa 15, ambaye ni yule wa kwanza. Mlio mfupi wa kuashiria mwisho, au maneno “1 kati ya 14”, hulimaliza tatizo hilo lote.

La pili ni ukimya wa orodha tupu. Daktari akifungua sehemu ya mzio katika faili la mgonjwa na asisikie kitu, ukimya huo una maana tatu zinazopingana: mgonjwa hana mzio wowote, taarifa za mzio hazijajazwa, au ukurasa bado haujamaliza kufunguka. Wahenga walisema kimya kina mshindo mkuu. Hapa mshindo wake ni sindano ya penisilini kwa mtu asiyestahili kuchomwa. Mfumo unapaswa kutamka wazi “hana mzio unaojulikana”, au “mzio haujarekodiwa”, au “inapakia”. Sentensi hizo tatu zikichanganywa kuwa ukimya mmoja, mfumo umeficha jambo la kitabibu.

La tatu ni rangi. Matokeo ya maabara yaliyo nje ya kiwango huandikwa kwa wino mwekundu. Kisoma skrini kwa kawaida hakitamki rangi, na hata kikitamka, neno “nyekundu” halisemi kama thamani iko juu au chini. Mhudumu anayepita kwenye jedwali kisanduku kwa kisanduku akasikia “6.4” tu, hajapewa kitu. Anayesikia “Potasiamu, 6.4 mmol/L, juu ya kiwango” amepewa onyo linaloweza kuokoa moyo wa mtu, kwa kuwa kiwango cha kawaida ni takribani 3.5 hadi 5.0. WCAG imekataza tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1999 rangi kubeba maana peke yake. Kanuni hiyo huwafaa pia wanaume wengi wasiotofautisha nyekundu na kijani, ambao baadhi yao ni madaktari.

La nne ni orodha inayobadilika yenyewe. Foleni ya wagonjwa wa nje hujisasisha kila wanapoandikishwa wapya. Kama kila usasishaji unamtoa mtumiaji kwenye jina alilokuwa amelifikia na kumrudisha juu bila kumwambia, basi atabonyeza “fungua” akidhani yuko kwenye mgonjwa mmoja kumbe yuko kwa mwingine. Toleo la 2.1 la WCAG, la mwaka 2018, liliongeza sharti kwamba ujumbe wa hali utamkwe bila kumhamisha mtumiaji mahali alipo. Kwa foleni ya hospitali sharti hilo ni la lazima kuliko kwa duka la nguo.

La tano, na pengine lenye funzo kubwa kuliko yote, linahusu majina ya dawa yanayofanana. Mwaka 2001 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilianzisha mradi wa kuyatofautisha majina ya aina hiyo kwa kuandika baadhi ya silabi kwa herufi kubwa: hydrOXYzine, ambayo hutumika kwa mwasho na mzio, isichanganywe na hydrALAZINE, ambayo hushusha shinikizo la damu. Ni mbinu nzuri kwa jicho. Kwa sikio haina msaada: sauti ya mashine haikazi herufi kubwa, na baadhi ya sauti huweza kulikata jina vipande vipande kwa sababu ya herufi hizo. Kinga iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaoona inaweza hivyo kuwa kikwazo kwa wasioona. Kinga ya sikio ni nyingine: kutamka matumizi ya dawa pamoja na jina lake, yaani “hydralazine, ya shinikizo la damu”, na kumruhusu msikilizaji alisikie jina herufi kwa herufi anapotaka. Hilo la pili linawezekana tu kama jina limeandikwa kama maandishi, halikubandikwa kama picha.

Kinachotofautisha kitangulie

Wazoefu wa visoma skrini husikiliza kwa kasi ambayo asiyezoea hawezi kuifuata, na hawasubiri sentensi iishe. Akisikia silabi chache zinazomtosha kujua kwamba hiki sicho anachokitafuta, hubonyeza mshale na kusonga mbele. Ndivyo jicho nalo linavyofanya: halisomi kila mstari, hupepesa mianzo yake.

Kutokana na tabia hiyo, mpangilio wa maneno ndani ya kipengee una uzito uleule wa maneno yenyewe. Orodha ya vipimo ambayo kila mstari wake unaanza na “Matokeo ya kipimo cha damu cha” humlazimisha msikilizaji kuyasikia maneno sita yasiyo na faida kabla ya kulifikia lile moja lenye faida. Vipimo 20 ni maneno 120 ya bure. “Hemoglobini, matokeo ya damu” ni maneno yaleyale yaliyopangwa kwa kumheshimu msikilizaji. Vivyo hivyo kwa vidonge vya metformin vya 500 mg na vya 850 mg: kama nguvu ya dawa inatamkwa mwishoni kabisa, baada ya jina la kiwanda na aina ya pakiti, mtu aliyechoka mwishoni mwa zamu ya usiku ataondoka kabla hajaifikia. Kanuni yake ni fupi: kinachotofautisha kitangulie, kinachofanana kifuate.

Hapa kuna pingamizi la haki. Wapo watakaosema kwamba kuongeza hali, nafasi, matumizi na maonyo kwenye kila kipengee ni kumzamisha msikilizaji katika maneno. Ni kweli kwamba maneno mengi nayo ni kosa. Mtu anayesikia kengele 50 kwa saa huacha kuzisikia, kama wanavyojua vizuri wauguzi wa vyumba vya wagonjwa mahututi. Lakini visoma skrini vimeshalifikiria jambo hili. JAWS ina viwango vya maelezo vya anayeanza, wa kati na mzoefu. NVDA humwezesha mtumiaji kuwasha au kuzima utamkaji wa nafasi ya kipengee. Mtumiaji aachiwe achague kiasi cha maneno kuhusu aina ya kitu na nafasi yake. Kisichopaswa kuachwa kwenye uchaguzi ni taarifa ya kitabibu: mzio, thamani iliyovuka kiwango, dozi, na kama kisanduku kimewekwa alama au la. Hizo ziwe ndani ya jina au hali ya kipengee chenyewe, ili zisizimike pamoja na mapambo.

Kiswahili kina masharti yake

Mifumo mingi ya afya inayotumika Afrika Mashariki ilibuniwa kwa Kiingereza, kisha ikatafsiriwa. Katika hatua hiyo huingia hatari ambazo mtengenezaji asiyejua Kiswahili hawezi kuziona.

Ya kwanza ni sauti yenyewe. Ukurasa wa Kiswahili usiotangaza ndani ya msimbo wake kwamba lugha yake ni Kiswahili husomwa na sauti ya Kiingereza ikiwa ndiyo iliyowekwa kwenye kifaa, na maelekezo ya dawa hugeuka kuwa kelele. Tiba yake ni tangazo fupi la lugha mwanzoni mwa ukurasa. Sauti ya Kiswahili ipo: eSpeak NG, inayokuja pamoja na NVDA, hutamka Kiswahili. Si sauti tamu, lakini hueleweka.

Ya pili ni saa. Mfumo ukiandika “08:00” kuwa muda wa kumeza dawa, msikilizaji wa Kiswahili akisikia “nane” ana haki ya kuelewa saa nane, yaani saa nane mchana. Tofauti ni saa sita. Kwa mgonjwa wa insulini, saa sita ni safari ya kutoka mezani hadi chumba cha dharura. Maneno ya kutamkwa yawe “saa mbili asubuhi”, hata kama tarakimu za kuonekana zitabaki vilevile.

Ya tatu ni alama. Katika vyeti vya dawa, “1×3” ni mkato unaofahamika: kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Visoma skrini huwa na mipangilio ya kiasi cha alama zinazotamkwa. Alama ya kuzidisha ikirukwa, kinachosikika ni “moja tatu”. Alama ya “chini ya” nayo ikirukwa, matokeo ya wingi wa virusi yaliyoandikwa “<50” husikika kuwa “50”. Maana zake si sawa: ya kwanza husema virusi ni vichache kuliko kipimo kinavyoweza kuhesabu, na ya pili hutaja hesabu. Andiko lililo salama kwa sikio ni “kidonge kimoja mara tatu kwa siku kwa siku tano”, na “chini ya nakala 50 kwa mililita”.

Ya nne ni ukanushi. Kiswahili hukanusha mwanzoni mwa kitenzi, na kwa msikilizaji wa haraka hiyo ni neema, kwa kuwa jibu hutangulia. Hata hivyo “imechaguliwa” na “haijachaguliwa” hukaribiana sana pale sauti inapokimbia, kwa sababu silabi nne za mwisho ni zilezile. Watafsiri wangefanya vyema kuteua maneno yasiyofanana kabisa, mathalani “ina alama” dhidi ya “tupu”. Uamuzi huo hauhitaji fundi. Unahitaji mtu anayekijua Kiswahili, kuketi karibu na mtu anayesikiliza.

“Si asomewe na mtu?”

Pingamizi linalosikika zaidi katika vituo vya afya husemwa kwa nia njema: mgonjwa asiyeona ana ndugu, na mhudumu asiyeona ana wenzake, kwa nini wasisomewe? Jibu ni siri ya mgonjwa. Mama anayelazimika kumpa mwanawe wa miaka 12 simu ili amsomee majibu ya kipimo cha virusi vya UKIMWI hana siri tena, na mtoto amebebeshwa mzigo usio wa umri wake. Msichana anayesomewa na kaka yake majibu ya kipimo cha ujauzito amepoteza kitu ambacho daktari yeyote angekilinda kwa kiapo. Msaada wa ndugu una thamani pale mgonjwa anapouchagua. Ukiwa ndiyo njia pekee, si msaada tena, ni sharti.

Kwa mhudumu, kusomewa ni kubadili mahali ambapo kosa linaweza kutokea. Mfiziotherapia asiyeona anayesomewa faili na mwenzake mwenye haraka hupata muhtasari wa mwenzake, si faili. Sahihi iliyo chini ya uamuzi huo itakuwa ya nani?

Pingamizi la pili ni idadi: kwamba watumiaji wa visoma skrini ni wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba angalau watu bilioni 2.2 duniani wana tatizo la uoni wa karibu au wa mbali. Wengi wao hawatahitaji kisoma skrini, lakini glakoma, mtoto wa jicho na madhara ya kisukari kwenye retina hayaulizi mtu kama amejiandaa. Tena wagonjwa wa kisukari ndio hasa wanaotakiwa kufuatilia namba zao kila siku. Mfumo unaowaacha pale macho yao yanapofifia unawaacha wakati wanapouhitaji zaidi. Na “wachache” hao wengine ni wachache kwa sababu mlango ulifungwa: mwanafunzi asiyeona anayeambiwa kwamba mfumo wa rekodi hautumiki kwa kibodi haendi kwenye taaluma ya afya, kisha kutokuwapo kwake hutumiwa kuwa ushahidi kwamba hahitajiki.

Sheria nayo imeshasema. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unadai ufikivu wa habari na mawasiliano katika kifungu cha 9, huduma za afya katika kifungu cha 25 na kazi katika kifungu cha 27. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano walitoa kiwango cha pamoja cha ufikivu wa huduma za afya kwa njia ya mtandao. Hakuna hospitali inayoweza kusema kwamba haikuambiwa.

Ukaguzi wa nusu saa

Yanayopendekezwa hapa hayahitaji fedha za wafadhili. Kabla ya kununua mfumo au kuukubali mpya, kamati ya ununuzi imtake muuzaji aufanyie majaribio mbele ya mtumiaji halisi wa kisoma skrini, kwa kazi halisi: kumtafuta mgonjwa mwenye jina linalofanana na la mwingine, kuandika dawa, kusoma majibu ya maabara na kuthibitisha kwamba yameifikia wodi. Mtumiaji huyo alipwe kama mtaalamu mwingine yeyote anayekagua vifaa. Katika mkataba kiandikwe kipengele kwamba kasoro ya utamkaji inayohusu dawa, mzio, matokeo au utambulisho wa mgonjwa itashughulikiwa kwa uharaka uleule wa kasoro ya hesabu ya dozi.

Kwa mifumo iliyopo, kitengo chochote cha TEHAMA kinaweza kupakua NVDA, kuzima skrini, kuweka kipanya kando na kupita kwenye kurasa tano zinazotumika zaidi. Maswali ni machache. Je, kila kitufe kina jina? Je, inajulikana kisanduku kilichowekwa alama na kisichowekwa? Je, mwisho wa orodha unasikika? Je, orodha tupu inasema kwamba ni tupu? Je, namba ya maabara inatamkwa pamoja na jina la kipimo, kizio na onyo lake? Je, jina la mgonjwa na tarehe yake ya kuzaliwa vinatamkwa tena kabla ya kubonyeza “hifadhi”? Kila jibu la “hapana” liandikwe kwenye daftari lilelile la matukio ya usalama wa wagonjwa, lisiishie kwenye barua pepe ya malalamiko kwa fundi.

Wahudumu wanaoona wana sehemu yao. Wao ndio wanaojaza majina ya vipimo, maelekezo ya dawa na ujumbe mfupi wa simu kwa wagonjwa. Anayeandika “1×3 baada ya chakula” anaweza kuandika sentensi nzima kwa sekunde tano zaidi. Anayepiga picha cheti na kukituma kwa simu anaweza kuongeza maneno yaleyale chini ya picha, kwa kuwa picha ni ukimya mtupu kwa asiyeona.

Nao wagonjwa wasioona, au wanaoanza kupoteza uoni, wana haki ya kumwambia mhudumu: “Simu yangu hunisomea, naomba uniandikie kwa maneno.” Ni ombi la kawaida kama la kuomba maji ya kumezea dawa. Mhudumu anayelisikia asilichukulie kuwa usumbufu. Ameelezwa jinsi dawa yake itakavyofika salama, na kwa saa ipi.